Shemeji, Umetaka Niukumbuke Mlima

Shemeji Otema,

Watu wakianza barua huandika "mpendwa". Neno hilo nimelinyima nafasi humu. Salamu pia sikuletei. Kama u mzima huko Bunia, uzima wako hautokani na dua zangu.

Mjumbe wako amefika. Ni Mama Furaha, yule Mkongomani muuza vitenge anayepanga meza yake karibu na stendi ya Nateete. Aliwangoja wateja waondoke, akanivuta nyuma ya meza, akasema kwa Kiswahili cha kwao: "Ule mutu alinituma. Anasema ukubali mila ya kwenu, akuchukue kama bibi yake. Anasema ukumbuke vile mulilala pamoja kule ku mulima ya Ngazidja. Na anasema kaka yake hakuteseka." Kisha akanitazama usoni, akaongeza kwamba yeye ni wa kutumwa tu na mambo yetu hayajui. Nilinunua kitenge nisichokihitaji ili nipate kitu cha kushika mkononi.

Umetaka niukumbuke mlima. Haya, nimeukumbuka, tena wote, kuanzia chini mpaka kwenye shimo. Nitaeleza na mengi unayoyajua, uvumilie tu, maana barua hii si yako peke yako. Kuna watu watakaoisikia kabla yako, na utawajua nikifika huko.

Ilikuwa mwaka ule ule jeshi lilipochukua nchi. Watu wa Kampala walikuwa bado wakishangilia barabarani na matawi ya miti mikononi, na sisi wa kaskazini tulikuwa tumeshaanza kusemezana kwa sauti ndogo. Mume wangu Ojara, kaka yako wa tumbo moja, alikuwa mwalimu wa jiografia hapa Nateete. Elgon alikuwa ameupanda, Muhavura ameupanda, na kila likizo alitafuta mlima mwingine wa kumchosha. Jirani yetu Fundi Msa, mshonaji aliyetoka Ngazidja, alimjaza kichwa kwa habari za kisiwa chao. Alisema kisiwa kizima ni mlima mmoja, na wao watu wanaishi kwenye pindo la kanzu yake tu. Alipopanga kwenda kwao kumwoza binti wa dada yake, Ojara akatangaza kwamba tunafuatana naye.

Wewe wakati ule hukuwa na kazi. Ulikuwa unalala sebuleni kwetu na kula chunguni kwetu. Mimi nilisema ubaki ulinde nyumba. Ojara alikataa, akasema ukibaki utalala usingizi mpaka tutakaporudi, afadhali ukachoke huko. Hivyo ndivyo ulivyoiona Ngazidja, kwa nauli ya mwalimu.

Tulipanda treni mpaka Mombasa, halafu meli iliyonitapisha mpaka nikakata tamaa ya kuishi. Wewe ndiye uliyenishikia ndoo. Ulinifuta uso kwa leso yako na ukanichekesha, ukisema nikiendelea hivyo samaki wataanza kutufuata. Hilo naliandika kwa sababu ni kweli, na kwa sababu linaniuma kuliko mengine yote.

Ngazidja haina mto. Mvua inanyesha kwa hasira, na ardhi inaimeza yote, maana ardhi yenyewe ni mawe ya moto yaliyopoa. Pwani ni nyeusi na ukuta wa msikiti ni mweupe, na katikati yake watoto wanaoga kana kwamba hakuna cha ajabu. Kwa dada yake Fundi Msa walitupikia ndizi mbichi kwa tui la nazi. Ulitazama sahani, ukasema matoke yamekwenda kuogelea baharini yakasahau kurudi. Nyumba nzima ilicheka, na yule mama akakuongezea. Siku zote ulijua kuongezewa.

Kabla ya mlima mkubwa Fundi Msa alitupeleka kaskazini tujaribu miguu. Kule kuna vilima vingi vilivyokatwa vichwa, kila kimoja na shimo lake katikati, na ndani ya mashimo yameota majani mpaka watu wanachunga mbuzi humo. Tulipanda kimoja tukashuka, tukapanda kingine. Ojara alipenda kusimama ukingoni atueleze moto ulitokea wapi na ukaishia wapi, mkono wake begani kwangu. Wewe hukusikiliza. Ulikuwa ukikimbilia juu ufike wa kwanza, na ukifika unapiga ukelele mpaka mbuzi wanatawanyika. Nilizipenda kelele zile, Otema. Nilidhani ni furaha ya ujana.

Halafu Karthala, ule mlima mkubwa wenyewe. Tulianza alfajiri kutoka kijiji cha Mvuni, tukapita mashamba ya migomba na ya mlangilangi, ule mti ambao maua yake yananukia kama harusi ya mtu mwingine. Baadaye msitu, matope, kuvu kwenye kila shina, maji yakidondoka hata pasipo mvua. Baadaye msitu ukaisha, vikabaki vichaka vigumu na upepo, na ng'ombe wachache waliotutazama kwa dharau. Fundi Msa alilalamika njia nzima. Alisema miguu yake imezoea cherehani, na kwamba wageni ndio wanaoujua mlima, wenyeji wanaujua msikiti. Jioni tukafika ukingoni.

Sasa nikusahihishe jambo moja. Umemwambia Mama Furaha kwamba "tulilala pamoja" kule juu, na neno hilo amelibeba mpaka Nateete kama lilivyo. Tulilala watu wanne chini ya turubai moja kwa sababu ya baridi, mimi nikiwa mwisho, kaka yako akinifuata, Fundi Msa akikoroma kando yake, na wewe mwisho kule kwenye upepo. Usilipake matope lile turubai.

Asubuhi tulishuka ndani. Nani atanisaidia kueleza mahali pale? Bonde kubwa la duara, kuta pande zote, na chini ni kweusi kama ukoko wa ugali ulioungua. Kwenye nyufa ulitoka mvuke wenye harufu ya mayai yaliyooza. Ojara alichukua mkono wangu akauweka juu ya ufa mmoja, nikahisi uvuguvugu kama wa tumbo la ng'ombe. Akasema huko chini kuna watu wako kazini na sisi hatukualikwa. Nilicheka, akacheka. Nadhani ile ndiyo asubuhi niliyompenda kuliko zote, na hiyo hutaipata hata ukinirithi mara kumi.

Katikati ya bonde kuna shimo lenyewe, lile kubwa. Fundi Msa alituonya tusilikaribie, kwa kuwa ukingo wake umeoza na unabomoka. Wewe ulikwenda. Ulisema unataka kuwa Mganda wa kwanza kuchungulia humo. Ukungu ukashuka ghafla, ukakufunika, na baada ya muda tukasikia unalia. Ulikuwa umeteleza mpaka kwenye ukingo wa ndani, kifundo cha mguu kimevunjika, na chini yako hapakuwa na kitu.

Fundi Msa alisema tungoje ukungu uinuke, kisha yeye ateremke kijijini alete watu na machela. Alikuwa na haki. Ojara alikuwa ameshajifunga kamba kiunoni. Mwisho wa kamba alitushikisha sisi wawili, akasema, "Mtoto wa mama yangu haachwi shimoni." Hakulisema kwa kujigamba. Alilisema kama mtu anayetaja siku ya soko.

Sikumwona tena, niliiona kamba tu ikiteleza viganjani mwangu. Sijui tulikaa vile kwa muda gani. Kisha nikakuona wewe ukitokea kwenye ukungu mgongoni mwake, umemkaba shingo kama mtoto mchanga, unamwita mama yenu kwa lugha ya kwetu. Mawe yale yanakata kama chupa. Mikono ya Ojara ilikuwa inavuja damu mpaka kwenye viwiko, suruali imechanika magotini, na yeye ananiambia nikupe maji wewe kwanza. Alikubeba kupanda ukuta wa bonde, akakubeba kushuka msituni, akipokezana na Fundi Msa pale tu miguu ilipomkatalia. Waswahili wanasema fadhila za punda ni mateke. Mimi nasema punda ana nafuu, maana yeye anapokupiga teke unamwona.

Hayo ndiyo ya mlima uliotaka niyakumbuke. Sasa na wewe kumbuka ya Kampala.

Mguu wako ulipopona ulipata kazi. Hukusema kazi gani na hatukuuliza, kwa sababu ulikuja umevaa shati la maua, viatu vya soli nene na miwani myeusi, na hapa mjini hata mtoto wa chekechea alijua kwamba mavazi yale ni ya wapelelezi wa serikali, wale wanaokamata watu. Wahindi walipofukuzwa ulihamia kwenye nyumba ya mmoja wao kule Kololo, na mapazia yake hukuyabadilisha. Mimi nilitaka tukukatie mguu wa kuja kwetu. Ojara alisema wewe ni dereva tu, umechoka njaa, na mdogo mtu akiwa huko ndani angalau tuna jicho. Alikuwa na akili ya kuisoma milima. Ya kukusoma wewe hakuwa nayo.

Ikaja zamu ya walimu. Wawili wa shule yake walitiwa kwenye buti la gari mchana kweupe mbele ya wanafunzi, na jina la Ojara likaanza kutajwa. Wewe ndiye uliyekuja na shauri. Ulisema una mvuvi wako kule Ggaba, kando ya ziwa, atakayetuvusha visiwani, na kutoka huko tutafika upande wa Kenya. Ulisema tuje asubuhi soko likiwa limejaa, maana penye watu wengi hakuna anayeangaliwa. Ojara atangulie kwenye mtumbwi, mimi nifuate na kikapu kama mnunuzi. Ulituambia tusimwambie hata mama. Tulikutii.

Nilikuwa kwenye meza za sangara, kikapu mkononi, nikimwona mume wangu amekaa ndani ya mtumbwi na kofia ya majani kichwani, anajifanya anarekebisha wavu. Hakujua hata kuushika. Gari lilikuja mpaka kwenye mchanga. Waliteremka wanaume wawili, hawakuuliza mtu, hawakukagua mtumbwi mwingine wowote, na mitumbwi ilikuwa mingi. Walikwenda moja kwa moja kwenye ule. Mmoja akamwita kwa jina lake kamili, lile la nyumbani, ambalo hata shuleni hawakulijua.

Nilipiga hatua. Mama mmoja muuza samaki, simjui mpaka leo, alinikamata mkono akaubana juu ya meza yake penye magamba. "Nyabo, kaa kimya," alisema. "Usiangarie kule. Nunua samaki hii, uende." Nilinunua samaki. Nikiwa natafuta pesa ndani ya kanga nikasikia risasi, wakawa wamempiga mvuvi pale pale majini. Kwa hiyo usije ukaniambia ni mvuvi aliyetusaliti. Walipokuwa wakimsukumia garini, Ojara hakutazama upande wangu hata mara moja. Alijua akinitazama watanifuata.

Ulikuja kwangu siku hiyo hiyo. Ulilia, Otema. Ulikaa chini kwenye mkeka ukalia mpaka mimi ndiye niliyekubembeleza. Ulinisindikiza hadi lango la gereza la Luzira, ukanisindikiza kwenye kambi ya jeshi, ukaingia ndani mwenyewe kuuliza na kutoka ukitikisa kichwa. Wakati sukari ilikuwa haionekani mjini, wewe uliniletea, na sabuni, na chumvi. Mama yenu aliposhuka kutoka kaskazini kuja kukaa nami ulimwambia, umesimama mbele za Mungu, kwamba umesikia kwa watu wa hakika kuwa mwanawe yuko hai, yuko Dar es Salaam, amefuga ndevu. Mama alikuamini kwa sababu ulimtajia ndevu.

Kwa hiyo hatukufanya matanga. Miaka yote ile mama hakunyoa nywele, nami sikuvaa kamba ya ujane. Wanaume waliponisemesha niliwaambia mume wangu yuko safarini. Kila jioni mama alifunika sahani moja, na asubuhi alikula yeye mwenyewe, akisema chakula kisitupwe. Niliishi hivyo kwa sababu ya maneno yako, na nilikuwa nakushukuru. Hilo la kukushukuru linanichefua mpaka sasa.

Mwaka huu jeshi la Tanzania limeingia, wale wa miwani wametimua mbio, na wewe umekimbia nao bila hata kuaga. Nilisema labda unaogopa kuchanganywa na wabaya. Bado nilikuwa nakutetea mpaka majuzi, Mama Furaha aliponivuta nyuma ya meza yake.

Nilikwenda nyumbani nikamkuta mama yenu anapepeta ufuta. Nilimpa ujumbe wako kama nilivyopewa, bila kuongeza neno. Alinitaka niurudie mwisho wake. Nikarudia: kaka yake hakuteseka.

"Nani alimwambia hakuteseka?" aliuliza.

Nilikuwa sijafika huko bado, nilikuwa nimekwama kwenye neno la kurithiwa. Mama ndiye aliyefika wa kwanza, mama aliyewanyonyesha nyote wawili. Njia ya mwongo ni fupi, nawe umetembea ya kwako mpaka ikaishia mlangoni kwa mzazi wako. Kwa miaka yote umetuambia yu hai, leo unataka mke wake. Mke wa mtu aliye hai harithiwi. Na ukishajua alikufa, na ukajua alikufaje, basi ulikuwepo. Ulisimama wapi, Otema? Ulikuwa karibu kiasi gani hata ukaweza kupima mateso ya mtu?

Sijui ulifanya kwa hofu, au kwa nyumba ya Kololo, au ulinitaka mimi tangu kule kwenye meli. Zamani ningetaka kujua. Sasa nakuchukia tu, na chuki yangu haihitaji sababu ya pili. Nimeamka nayo kila asubuhi tangu siku ile na inanipa nguvu ya kuteka maji.

Mama aliweka ungo chini, akanawa mikono, akasema, "Mwambie mama amekubali. Aje."

Nami nimekubali. Ulitaka mila, basi mila utaipata yote, si ule mkia unaoupenda. Kwetu mjane harithiwi kabla ya matanga. Na matanga hayafanywi bila maiti, au bila mtu aliyeiona maiti kusimama mbele ya ukoo na kusema "nimeona", kisha aseme ameona wapi, kisha awaongoze watu mpaka mahali penyewe. Shahidi huyo ni wewe, hatuna mwingine. Wajomba na baba wadogo wameshafika, walikuja kwa lori la mihogo na wamelala kwenye ile sebule uliyokuwa ukilala. Barua hii, mpaka hapo juu, nimewasomea jana. Mama alikaa katikati yao, na nilipomaliza alisema nisibadilishe kitu.

Vijana wa Nateete wanajua kazi uliyokuwa ukiifanya, na unajua wanavyowafanya wenzako siku hizi. Nimewapigia magoti wasikuguse njiani. Walikataa, nikaendelea kupiga magoti, wakakubali. Wamekubali mpaka utakaposema. Ya baada ya hapo sikuwaombea.

Na ukiamua kutokuja, jua hivi. Mama Furaha anarudi Kongo na mabunda yake, na ndani ya kila bunda kuna nakala ya barua hii. Wenzake wanauza Bunia, wanauza Aru, wanauza Beni, na wanawake wale hawana siri wakishafungua bunda. Kila soko utakaloingia kununua unga, kutakuwa na mtu anayejua wewe ni mtoto wa nani na ulimfanya nini kaka yako. Utahama, nao watahama na vitenge vyao. Waume zao watakuuliza huyo kaka yuko wapi, na watoto wao watakuuliza.

Ni afadhali uje tukuulize sisi. Njoo mchana, uvae viatu vya kutembelea, maana pengine umemweka mbali. Ukoo mzima utakuwa nyuma yako na majembe, na mama yako atashika mkono wako asianguke. Ukishatuonyesha, mama atanyoa nywele. Na mila inasema baada ya hapo mjane huulizwa mbele ya wote kama anamtaka mwenye kumrithi. Nina jibu. Nimelitunza lote kwa ajili yako na sitalitia kwenye karatasi.

Kwaheri sikupi. Kwaheri hupewa anayeondoka, na wewe unakuja.

Ni mimi,
mke wa kaka yako. Mjane nitakuwa siku utakapofungua kinywa.